Kesi ya Bahari Huanzia Kwenye Muhtasari wa Kikao



Tarehe 29 Novemba 2023, pale Arusha, Mahakama ya Afrika Mashariki ilitoa uamuzi juu ya bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga. Asasi nne za kiraia kutoka Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa zimefungua shauri tangu Novemba 2020. Zilidai kwamba bomba hilo la kilomita 1,443 limepitishwa bila kuzingatia ipasavyo mazingira, haki za watu na mabadiliko ya tabianchi. Kwa miaka mitatu watu wa pande zote mbili walisubiri kusikia mahakama itasema nini juu ya mito, mikoko na joto la dunia. Mahakama haikufika huko. Ilisema shauri limeletwa nje ya muda. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inampa mlalamikaji miezi miwili tangu jambo litendeke au tangu alipolijua, na makubaliano ya Uganda na Tanzania kuhusu bomba yalisainiwa mwaka 2017. Waleta shauri wakakata rufaa. Novemba 2025 rufaa nayo ikatupwa.

Unaweza kuliunga mkono bomba lile au kulipinga, hiyo ni haki yako, wala sikuja hapa kukugombanisha na jirani yako. Mimi ni wakili mchanga, bado nabeba majalada ya wakubwa, na uamuzi ule nimeusoma kwa jicho la mbeba majalada. Ninachokiona ni kwamba hoja zote za sayansi na za haki zinaweza kuzimwa na kalenda kabla hazijasikilizwa. Na katika ofisi nyingi za sheria, mtu wa kuangalia kalenda ni yule aliyeajiriwa mwisho.

Kwa hiyo leo nina jambo moja tu la kusema. Katika sheria za tabianchi na bahari, kazi anayopewa mwanasheria kijana, ile inayoonekana ya kitoto, yaani kuandika muhtasari wa kikao, kuchukua maelezo ya mashahidi, kuhesabu siku, ndiyo inayoamua kesi. Wakubwa huja baadaye kuisemea.

Najua si hivyo vijana wengi wanavyoiona kazi hii. Ukikaa na wanaotoka kuapishwa, ukawauliza wanataka nini katika mambo ya tabianchi, wengi watakutajia mkutano mkuu wa kila mwaka wa Umoja wa Mataifa, kitambulisho shingoni na picha ya pamoja. Siwadharau. Majukwaa makubwa yana kazi yake, na vijana wameshaonyesha wanaweza kuyatikisa.

Mwaka 2019, wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki ya Kusini, walioko Vanuatu, waliamua kuzishawishi serikali zao ziiulize Mahakama ya Kimataifa ya Haki swali moja: sheria ya kimataifa inazidai nini nchi kuhusu tabianchi? Serikali ya Vanuatu ikalibeba swali lao. Tarehe 29 Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha bila kupiga kura, zaidi ya nchi 130 zikiwa zimeliunga mkono. Na tarehe 23 Julai 2025, kule The Hague, majaji walisema kwa kauli moja kwamba kulinda tabianchi ni wajibu wa kisheria, na nchi inayouvunja wajibu huo inaweza kutakiwa kulipa fidia.

Upande wa bahari nako kulikuwa na kazi. Oktoba 2021, Antigua na Barbuda pamoja na Tuvalu ziliunda tume ya nchi ndogo za visiwa, nyingine zikajiunga, na tume ikaenda Hamburg, Ujerumani, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari. Tarehe 21 Mei 2024 mahakama hiyo nayo, kwa kauli moja, ikasema gesi joto zinazotokana na shughuli za binadamu ni uchafuzi wa bahari.

Njia waliyopita majaji hao inafaa kuelezwa taratibu. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982 hautaji mabadiliko ya tabianchi mahali popote. Lakini ibara yake ya kwanza inasema uchafuzi ni pale binadamu anapoingiza baharini, kwa njia ya moja kwa moja au ya kuzunguka, vitu au nishati vyenye kuleta madhara. Hewa ukaa inayoingia majini ni kitu. Joto linalofyonzwa na bahari ni nishati. Madhara yanaonekana: matumbawe yanapauka, maji yanazidi kuwa na asidi. Ukishaviweka vitatu hivyo mezani, hitimisho linajileta lenyewe. Maneno yaliyoandikwa wakati hakuna aliyekuwa akifikiria tabianchi yakafanya kazi baada ya miaka 42, kwa sababu walioyaandika walikuwa makini.

Na miongoni mwa walioshughulikia mkataba ule walikuwemo watu wa kwetu. Wazo la ukanda wa kiuchumi wa bahari, ule wa maili 200, lilitolewa mwaka 1971 kule Colombo na mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, kwenye kikao cha kamati ya sheria ya nchi za Asia na Afrika. Agosti 1972 Kenya ikaliwasilisha Geneva. Kwa Tanzania, Joseph Sinde Warioba, aliyehitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1966, alikuwa miongoni mwa waliotuwakilisha katika mazungumzo ya mkataba huo. Baadaye akaongoza tume ya maandalizi ya vyombo vyake, na mwaka 1996 akawa mmoja wa majaji wa kwanza wa mahakama ya Hamburg. Sisi tunamkumbuka kwa Uwaziri Mkuu na Tume ya Katiba. Habari za bahari hatuzitaji. Nchi zetu wakati ule hazikuwa na meli za kutisha mtu. Zilikuwa na wanasheria wachache, wengi wao vijana, waliosoma rasimu mstari kwa mstari na kujua wapi pa kutia mkono.

Basi kazi ya juu imefanyika, tena vizuri. Upungufu uko huku chini. Maoni ya The Hague na ya Hamburg ni ya ushauri; hayampi fidia mama anayelima mwani Paje, Zanzibar, ambaye mwani wake aina ya cottonii umeoza kwa maji ya moto, akabaki na aina ya spinosum ya bei ya chini. Ili yamfae yule mama, lazima awepo mtu wa kuyachukua na kuyafunga kwenye jalada lenye jina, mahali, tarehe na hasara. Jalada hilo huanzia kijijini.

Nikupe mfano wa kazi yenyewe. Umetumwa kwenye diko moja kusini ya Tanga kuchukua maelezo ya mvuvi kwa ajili ya hati ya kiapo. Unamkuta barazani kwake, anashona nyavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Unamuuliza bahari imebadilika tangu lini.

"Zamani."

Zamani ipi?

"Zamani, mwanangu. Samaki walipoanza kukimbia."

Kalenda yake ni kaskazi na kusi, bamvua na maji mafu. Anajua vizuri kwamba tasi na changu aliokuwa akiwapata kwa mshipi hapo mbele ya mwamba, siku hizi anawafuata mbali mpaka petroli inakula faida yote. Lakini mahakama haiwezi kuandika "zamani" kwenye hukumu. Unaanza kuzunguka. Je, ni kabla au baada ya zile mvua za El Nino? Baada, anasema, tena palepale. Ndipo matumbawe yalipogeuka meupe. Mtoto gani alikuwa amezaliwa? Anamwita mkewe. Kadi ya kliniki inaletwa ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na stakabadhi za ushuru. Mtoto alizaliwa Aprili 1998. Sasa una mwaka, na ni mwaka uleule ambao wanasayansi wameuandika kuwa wa upaukaji mkubwa wa matumbawe katika Bahari ya Hindi.

Kisha mzee anaongeza: "Na wenzangu wote watakwambia hivyohivyo." Hapo kalamu inasimama. Hati ya kiapo inabeba yale muapaji anayoyajua mwenyewe. Ya kuambiwa lazima yatajwe yalikotoka. Na hoja za kisheria hazimo kabisa. Kesi ya Matovu ya Uganda, ya mwaka 1966, ambayo wanafunzi wa sheria wa Afrika Mashariki huisoma mapema, bado inatajwa mahakamani kuangusha viapo vilivyojaa hotuba. Kwa hiyo unafunga daftari, unawafuata wale wenzake, nyumba kwa nyumba.

Na bado hujamaliza. Wakili wa upande wa pili atauliza, na ana haki ya kuuliza, kama samaki wamepungua kwa joto, kwa baruti, kwa makokoro au kwa sababu wavuvi wameongezeka. Jibu la kweli mara nyingi ni kwamba vyote vimo. Kwa hiyo unatafuta mtafiti, wa Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar au wa taasisi za utafiti wa uvuvi, akusaidie kutenganisha kipi kimesababishwa na nini, kwa kiasi gani. Ukimficha hakimu zile baruti, upande wa pili utazitoa, na kadi ya kliniki haitakuokoa.

Jambo jingine la kutazama ni saa ya kikao. Mradi unapokuja pwani, sheria inataka wananchi washirikishwe, na kikao kinaitwa. Kikiitwa saa nne asubuhi siku ya bamvua, maji yamekupwa, akina mama wako majini kwenye mwani au wanatafuta pweza. Muhtasari utaonyesha wanaume kumi wameongea na mwanamke mmoja amefungua kwa dua. Baada ya miaka mitano utasomwa mahakamani kuthibitisha kwamba akina mama hawakuwa na pingamizi. Kijana anayejua kusoma jedwali la maji kujaa na kupwa anaweza kuomba kikao kisogezwe mpaka saa nane mchana, ombi likaandikwa, hata likikataliwa. Kukataliwa kwenyewe ni ushahidi.

Kama unadhani natia chumvi, tazama Lamu. Tarehe 26 Juni 2019, baraza la kitaifa la kusikiliza rufaa za mazingira nchini Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050. Wengi tulishangilia tukadhani joto la dunia ndilo lililoshinda. Soma uamuzi. Kilichoiangusha leseni kwanza kabisa ni ushirikishwaji wa wananchi: mikutano iliyotajwa ilikuwa ya utambulisho, iliyofanyika kabla ya tathmini yenyewe, na ripoti ilipokamilika haikurudishwa kwa wananchi ipasavyo waijadili. Baraza liliongeza kwamba tathmini haikuzingatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2016. Oktoba 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaukubali uamuzi huo. Mikutano mingapi, lini, nani alisema nini, alijibiwa nini: maswali hayo yote hujibiwa na muhtasari na orodha ya mahudhurio, karatasi ambazo siku ya kuandikwa kwake hakuna aliyezithamini.

Hapohapo Lamu, mwaka 2018, Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.76 kwa hasara iliyoletwa na ujenzi wa bandari mpya. Hukumu ya namna hiyo ikishatoka, swali linalofuata ni mvuvi ni nani. Mwenye leseni peke yake? Na baharia asiye na chombo? Na mama muuza samaki? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi vya kusimamia rasilimali za pwani, tunavyoviita BMU, vina madaftari ya kila siku: nani katoka, kwa chombo gani, karudi na kilo ngapi. Mengi yamelowa, mengine yameliwa na mchwa. Wakili kijana anayepita mara kwa mara na simu yake kuyapiga picha ukurasa kwa ukurasa anafanya kazi ya sheria ya kimataifa, hata kama hajui.

Si kila kazi ni ya ugomvi. Pale Gazi, Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko tangu mwaka 2013, kwa hekta 117 tu, na fedha zikaenda kwenye maji na shule za vijiji. Mafanikio yale yameita wageni wengi pwani yote, kila mmoja na mkataba wake mkononi. Kenya ilirekebisha Sheria ya Tabianchi mwaka 2023, ikaweka kwamba miradi ya kaboni ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama za kuendesha biashara.

Wananchi wanasikia asilimia 40 na kupiga makofi. Mwanasheria anatakiwa aisikie ile sehemu ya pili. Gharama hizo ni zipi? Mshahara wa mkurugenzi aliyeko ng'ambo umo? Tiketi za ndege? Ada za wakaguzi? Riba ya mkopo ambao kampuni imejikopesha yenyewe? Zisipoorodheshwa na kuwekewa kikomo ndani ya mkataba, jamii itagawiwa asilimia 40 ya patupu, tena kwa mujibu wa sheria. Na mkataba ni wa miaka mingapi? Ukiwa wa miaka 30, mwenyekiti anayesaini leo anawasainia wajukuu. Haya yote yako kwenye viambatisho vya nyuma, mahali ambapo wakubwa hawana muda wa kufika. Kijana anao.

Sasa niseme na waajiri wetu, bila kumtaja mtu. Kama kazi hii ndiyo inayoamua kesi, mbona tunaifanyia mzaha? Kijana anapewa mkataba wa mwaka mmoja kwa sababu ufadhili ni wa mwaka mmoja, wakati kesi ya bahari inachukua miaka sita au tisa. Mradi ukiisha anaondoka, na pamoja naye inaondoka kumbukumbu ya nani aliongea na nani, wapi, lini. Anayekuja baada yake anaanza upya kwa wavuvi walewale, nao wameshachoka kuulizwa. Wapo wanaofanya kazi mwaka mzima kwa jina la mafunzo kwa vitendo, nauli ya kwenda kijijini wakijilipia. Na safari ya mkutano wa nje inapotokea, anayekwenda kuisemea pwani ni yule ambaye kwa miaka mingi hajakanyaga diko. Ofisi ambayo ina fedha za kumpeleka mtu mmoja Ulaya kwa wiki mbili inaweza kumlipia kijana basi, bodaboda na chakula cha kijijini kwa muda mrefu sana.

Na nyinyi vijana wenzangu, msisubiri waajiri wabadilike. Andika maelezo siku ileile uliyoyasikia, weka tarehe, weka jina la aliyekuwepo, acha nakala kijijini. Jifunze muda wa ukomo wa kila chombo unachoweza kukiendea, kuanzia baraza la mazingira mpaka Arusha. Mfahamu afisa uvuvi wa wilaya kabla hujamhitaji. Maoni yale ya Hamburg yasome mwenyewe, yote, usitosheke na ya kuambiwa.

Kazi inakuja, tena karibu. Mei 2025 umoja wa mawakili wa Afrika, wenye makao yake Arusha, uliiomba Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, nayo ikiwa palepale Arusha, itoe maoni juu ya wajibu wa nchi za Afrika kuhusu tabianchi. Mahakama inaweza kueleza wajibu kwa ufasaha wote. Haiwezi kumjua mvuvi wa kusini ya Tanga wala mama wa Paje mpaka mtu amwandike.

Kwa hiyo siku katibu wa BMU atakapokupigia simu kwamba wageni wamekuja na ramani, usianze kwa kumuuliza watalipa kiasi gani. Muulize wamefika tarehe ngapi, wamesema nini, na nani ameandika. Akikujibu kwamba hakuna aliyeandika, mwambie achukue daftari sasa hivi, wakati bado anakumbuka, na wewe uangalie basi la kesho asubuhi linaondoka saa ngapi.